Vitabu vya Gothenburg vilivyotiwa moto

Wakurugenzi wa Kampuni ya Uswidi ya India ya Mashariki walijua kutunza siri. Hati ya kifalme waliyopewa Juni 1731 iliwapa ruhusa ya kufanya biashara na nchi zote zilizo mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, na papo hapo iliwalinda wenye hisa wasijulikane. Safari ikimalizika, hesabu zikikaguliwa na faida ikigawanywa, vitabu vya hesabu vya miaka ile ya mwanzo vilitiwa moto.

Kulikuwa na sababu. Kampuni ilikuwa na bendera ya Uswidi, lakini mitaji na maarifa mengi yalitoka nje. Mmoja wa waasisi wake, Colin Campbell, alikuwa Mskoti aliyewahi kuitumikia kampuni ya Ostend, ambayo wakubwa wa Ulaya walishinikiza hadi ikafungwa. Raia wa Uingereza walikatazwa kushindana na kampuni ya nchi yao huko Asia. Jina la mtu kama huyo likionekana katika daftari la kampuni mjini Gothenburg, matatizo yangemfuata hadi nyumbani. Kwa hiyo waliandika, wakagawana, wakachoma.

Basi mtafiti wa leo anayetaka kujua watu wa Skandinavia walinunua nini Asia, kwa fedha gani, na wakamuuzia nani, anaanza kazi huku ushahidi mkuu ukiwa majivu. Mimi naona hapo ndipo utamu wa utafiti huu ulipo. Majivu hayo yamewalazimisha wanahistoria kuacha kutegemea kauli ya kampuni yenyewe na kwenda kusikiliza wengine: wapinzani wake, wateja wake, maofisa wa forodha, hata matope ya bandarini.

Mifupa ya habari inajulikana. Hadi kampuni ilipovunjwa mwaka 1813, merikebu zake zilifanya safari zipatazo 130, karibu zote kwenda Canton, yaani Guangzhou ya leo. Zilitoka Gothenburg na chuma na mbao, zikapita Cadiz huko Hispania kutafuta riali za fedha iliyochimbwa Amerika, kwa sababu wafanyabiashara wa China walitaka fedha kuliko bidhaa yoyote ya Ulaya. Zilirudi na hariri, vyombo vya kauri, na kwa wingi kuliko vyote, chai.

Chai hiyo ilinywewa na nani? Uswidi ilikuwa nchi yenye watu wachache, wengi wao wakulima wasio na uwezo wa kuinunua. Jibu liko katika ushuru wa Uingereza. Kabla ya mwaka 1784, kodi ya chai huko ilikuwa imefikia asilimia 119. Mnywaji wa kawaida wa Scotland au kaskazini mwa England hakuimudu kwa njia halali, na pwani ndefu ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa na vijito na ghuba za kutosha kupitisha masanduku usiku. Chai iliyopigwa mnada kihalali kabisa Gothenburg na Copenhagen ilivuka maji na kugeuka magendo. Mwaka 1784 Bunge la Uingereza lilipoishusha kodi hadi asilimia 12.5, faida ya magendo iliyeyuka, na nguzo kubwa ya biashara ya Skandinavia ikatikisika.

Mambo haya yanasomeka wazi zaidi katika barua za watu binafsi, ambazo hakuna mkurugenzi aliyeweza kuzichoma zote. Charles Irvine, Mskoti mwingine aliyesafiri hadi Canton kusimamia ununuzi wa kampuni, aliacha rundo la barua na hesabu. Leo zinatunzwa mbali sana na alikoishi, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Hanna Hodacs, mwanahistoria wa Uswidi, alizitumia pamoja na orodha za minada katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu hariri na chai za kaskazini. Kutokana na karatasi hizo tunawaona wafanyabiashara wakibishana kuhusu ladha na rangi ya majani, aina ipi ipelekwe soko lipi. Orodha za minada nazo, ambazo mtu mwenye haraka angezipita kama karatasi za kuchosha, zinaonyesha hariri ikiuzwa kwa mafungu ya rangi tofauti. Hapo mtu anaelewa kwamba mnunuzi wa Canton alipaswa kuotea, zaidi ya mwaka mmoja kabla, ni rangi gani wanawake wa Ulaya watapenda kuvaa.

Matope nayo yametoa ushahidi. Tarehe 12 Septemba 1745, merikebu Götheborg, ikirudi kutoka China baada ya takribani miezi 30, iligonga mwamba kwenye mlango wa bandari yake yenyewe, watu wa nyumbani wakitazama. Sehemu ya shehena iliokolewa na kuuzwa, na safari ile bado ikaleta faida. Hilo peke yake linaeleza bei za Canton na Ulaya zilivyotofautiana. Wapiga mbizi waliochimbua mabaki kati ya miaka ya 1980 na 1990 walipata vigae vingi vya kauri. Msomaji wa pwani yetu anajua thamani ya vigae vya aina hiyo: bakuli za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, zimewasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa makaburi yale.

Denmark ina hadithi tofauti, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Wadenmark walianza mapema. Mfalme Christian wa Nne alianzisha kampuni mwaka 1616, na kufikia 1620 walikuwa wamepata Tranquebar, kusini mwa India, wakajenga ngome ya Dansborg. Kampuni yao ya Asia iliyopata hati mwaka 1732 haikuchoma vitabu vyake kama jirani. Madaftari yake ya Canton, yaliyomo katika Nyaraka za Taifa mjini Copenhagen, yameandika mikataba na wafanyabiashara wa Kichina: jina la muuzaji, aina ya chai, bei, malipo ya awali. Mwanahistoria Paul Van Dyke ameyatumia sana katika kuandika historia ya wafanyabiashara wa Canton wenyewe. Watu ambao katika vitabu vya zamani walikuwa kivuli tu nyuma ya sanduku la chai wamepata majina, madeni, na washirika.

Lakini nyaraka hizohizo za Denmark zinaongoza pia hadi Afrika. Nguo za pamba za India, zikiwamo za Tranquebar, zilisafirishwa Copenhagen, kisha zikapakiwa upya kwenda pwani ya Guinea, kwenye ngome za Wadenmark kama Christiansborg, iliyopo Accra, Ghana. Huko zilibadilishwa kwa binadamu waliopelekwa visiwani Karibi kulima miwa. Denmark ilitangaza marufuku ya usafirishaji huo mwaka 1792, lakini ikaacha uendelee hadi mwisho wa 1802. Mtu anaweza kuandika kitabu kizima kuhusu uzuri wa nguo za India katika makabati ya Ulaya bila kufuata bunda lililokwenda Guinea. Vitabu vya namna hiyo vimeandikwa, na nadhani vimepungukiwa. Bunda lile lilihesabiwa, likapewa bei, na karani akaliandika. Majina ya waliobadilishwa kwa nguo hizo ni nadra kuyakuta katika safu zile. Ningetamani kuona watafiti wengi zaidi kutoka Accra, na kutoka Dar es Salaam pia, wakijifunza Kidenmark cha karne ya 18 na ule mwandiko wake mgumu, wakayafungua madaftari hayo kwa maswali yao wenyewe.