Barabara ya Garissa na Haki ya Askari wa Keya

Mtu akitaja Kariakoo, iwe ya Dar es Salaam au ile ya Nairobi, ni nadra kukumbuka kuwa anataja kikosi cha jeshi. Jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps", waliomchukulia Mwingereza mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Makaburi yao hayajulikani, lakini ulimi wa Mswahili umewahifadhi.

Ndugu zao wa vita vya pili hawakupata bahati hiyo. Nami naona iko barabara inayowastahiki: ile itokayo Garissa, ikapita Dadaab na kufika Liboi, mpakani mwa Somalia.

Keya, kwa vijana wasioijua, ni K.A.R., jeshi la Kiingereza la Waafrika lililoundwa 1902. Mapema mwaka 1941 askari wake walitoka Garissa kwenda kupambana na Waitaliano, pamoja na wenzao wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na wa Afrika Kusini. Afmadow ilitwaliwa Februari 11, Kismayu, mji wa jamaa zetu Wabajuni, Februari 14, na Mogadishu Februari 25. Baadaye wengi walipelekwa Burma. Vita vilipokwisha, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mwafrika aliyepigana naye bega kwa bega hakugawiwa.

Najua atatokea wa kusema kuwa Keya walikuwa askari wa mkoloni. Ni kweli. Jeshi hilo lilipigana na Sayyid Muhammad Abdille Hassan kule Somalia, na baadaye na Mau Mau. Lakini kumkumbuka maiti si kuipigia saluti bendera aliyoitumikia.

Lililo zito zaidi ni hili: Garissa, magwanda ya askari yana kumbukumbu nyingine. Baada ya uhuru vilikuja vita vya Shifta, na sheria ya hali ya hatari ikakaa hadi 1991. Mwaka 1980 ilikuwa Bulla Karatasi, hapo hapo mjini Garissa. Februari 1984 ikawa Wagalla, karibu na Wajir. Raia waliuawa na vyombo vya dola, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Je, mama aliyempoteza mwanawe Bulla Karatasi aamke asubuhi akute kibao cha kuwasifu wanajeshi mlangoni pake, bila ya kuulizwa?

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, wazee na kina mama wa Garissa waulizwe kabla kibao hakijachongwa. Pili, yakitajwa majina ya askari wa 1941, yatajwe pia, kando ya barabara hiyo hiyo, majina ya raia wa 1980 na 1984. Heshima inayochagua maiti wa kukumbukwa na wa kusahauliwa huzaa kinyongo.

Kariakoo ilidumu kwa sababu watu wenyewe waliikubali. Jina linaloletwa kwa amri husomwa na wageni tu. Wenyeji huendelea kuita walivyozoea. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia.