Antibiotiki na Pombe: Usikatize Dozi kwa Sababu ya Mnazi

  Leo nazungumza na wewe mama, na wewe bibi au shangazi unayelea, na kila mtu ambaye kazi yake nyumbani ni kuhakikisha dawa zimemezwa. Mada yetu ni antibiotiki na pombe.

Huenda wewe mwenyewe hujawahi kuonja pombe maishani mwako. Tafadhali usizime redio. Huenda mumeo anakunywa, au kaka yako, au baba mkwe. Na ugonjwa wa mtu mmoja katika boma ni mzigo wa boma zima.

Kwanza tuelewane antibiotiki ni nini. Ni dawa zinazoua vijidudu vya bakteria au kuvizuia visizaliane. Unazijua: amoksilini, Septrin, doksisaiklini, erithromaisini, na metronidazoli ambayo wengi wetu huiita Flagyl. Dawa za kifua kikuu, yaani TB, nazo zinapigana na bakteria. Dawa hizi haziponyi mafua ya kawaida, kwa sababu mafua huletwa na virusi.

Sasa, sisi wauguzi tunaulizwa swali hili karibu kila siku: "Sista, nikiwa natumia dawa hizi naweza kunywa mnazi?" Hapa kwetu Kilifi na Malindi swali hili si la mzaha. Mnazi uko kwenye matanga, uko kwenye harusi, na katika boma nyingi za Kimijikenda mazungumzo ya mahari hayaanzi bila mnazi. Mtu akiambiwa asinywe kwa siku 7, na Jumamosi kuna matanga, ataamua nini?

Wengi huamua hivi: wanaacha dawa, wanakunywa mnazi, kisha Jumatatu wanarudia dawa. Wanafikiri wamefanya jambo la busara kwa sababu hawakuchanganya. Hapo ndipo penye hatari kubwa, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Je, pombe huua nguvu ya dawa?

Watu husema, "Ukinywa pombe dawa inakuwa maji." Kwa antibiotiki nyingi si kweli. Chukua mfano wa amoksilini. Mtu akinywa bilauri moja ya mnazi, amoksilini haigeuki kuwa maji wala sumu. Inaendelea kufanya kazi. Hata hivyo tunamshauri mgonjwa asinywe pombe mpaka apone, kwa sababu pombe hukausha maji mwilini, huharibu usingizi, huchafua tumbo na huchelewesha nafuu. Lakini kama tayari amekunywa, kosa la kunywa lisizae kosa la pili la kuacha dawa. Saa ya dozi ikifika, ameze.

Tafadhali sikiliza tena neno hili: aliyekunywa mnazi na bado ana amoksilini, aendelee na dozi yake mpaka mwisho.

Kwa nini? Dawa ikikatwa katikati, vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kuongezeka tena. Ugonjwa unarudi, mgonjwa anahitaji dawa nyingine, na fedha ya unga inaishia kwenye duka la dawa. Tena matumizi mabaya ya antibiotiki ni mojawapo ya mambo yanayozalisha vijidudu sugu, ambavyo havisikii dawa za kawaida.

Dawa zinazohitaji uangalifu zaidi

Ziko dawa chache ambazo hatutaki kabisa zikutane na pombe.

Ya kwanza ni metronidazoli, hiyo Flagyl, pamoja na ndugu yake tinidazoli. Hutolewa kwa kuhara kunakoletwa na amiba, kwa maambukizi ya fizi, na kwa baadhi ya magonjwa ya kutokwa na uchafu ukeni. Kwa miaka mingi imeelezwa kwamba mtu akiichanganya na pombe anaweza kuona uso unawaka moto, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, na kutapika. Wataalamu wa leo hawakubaliani wote kuhusu jambo hili. Mwaka 2021 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, katika mwongozo wake wa magonjwa ya zinaa, kiliandika kwamba si lazima mtu kuacha pombe kwa ajili ya metronidazoli. Lakini karatasi za maelezo ya dawa hii bado zinakataza. Nyingine husema usinywe mpaka siku 2 zipite baada ya kidonge cha mwisho, nyingine husema siku 3. Ushauri wangu ni ushike siku 3, kwa sababu hakuna anayepata hasara kwa kukosa mnazi siku 3. Na kama mtu ameteleza akanywa, asitupe vidonge. Aache pombe hapo hapo, anywe maji, na aendelee na dozi saa yake ikifika. Akitapika sana, au moyo ukienda mbio, au akikosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Ya pili ni dawa za TB. Hapa hakuna ubishi. Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza dawa za aina 4, na miezi 4 inayofuata dawa za aina 2. Baadhi ya dawa hizi hulemea ini, na pombe nayo hulemea ini. Ini ni kama punda. Mpakie gunia moja atakwenda, mpakie magunia matatu ataanguka njiani. Mgonjwa wa TB anayekunywa akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, hana hamu ya chakula na anatapika, asingoje siku yake ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Lakini tena nasema, asiache dawa nyumbani kwa uamuzi wake mwenyewe. TB iliyokatizwa dawa inaweza kurudi ikiwa sugu, na anayekohoa ndani ya nyumba humwambukiza aliye karibu naye. Aliye karibu naye mara nyingi ni mtoto. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mgonjwa amwambie muuguzi ukweli wote: "Mimi ninakunywa." Hatutamfukuza. Tutajua jinsi ya kumwangalia.

Ya tatu ni doksisaiklini na erithromaisini. Kwa mtu anayekunywa sana na kwa muda mrefu, mwili huiondoa doksisaiklini upesi kuliko kawaida, kwa hiyo inaweza isitoshe. Erithromaisini nayo huchelewa kuingia mwilini ikikutana na pombe. Mnywaji wa kila siku amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

Usisahau pia vidonge vingine vilivyomo katika mfuko ule ule. Mara nyingi antibiotiki hutolewa pamoja na dawa za maumivu au za mafua. Panadol nyingi pamoja na pombe nyingi huumiza ini. Brufen na pombe huchubua tumbo na zinaweza kuleta damu. Piriton na pombe huleta usingizi mzito, na mtu anayeendesha bodaboda kutoka Kaloleni kwenda Mariakani akiwa hivyo anatafuta ajali.

Ugonjwa wa wawili, dawa ya wawili

Mama, nizungumze nawe kwa upole kuhusu jambo la chumbani. Kuna ugonjwa wa zinaa unaoitwa trikomonasi, unaotibiwa kwa metronidazoli. Mke akitibiwa peke yake, mumewe akabaki nao, wakikutana tu ugonjwa unarudi. Ndiyo maana kliniki humwita na mume, au humtumia dawa yake.

Tuseme mke amemeza dawa zake zote siku 7. Mume amepewa zake, lakini kuna harusi, naye akaziweka juu ya kabati asije akakosa mnazi. Baada ya wiki mbili mke anaanza kuwashwa tena. Anafikiri dawa ni mbovu, au amerogwa, au mume ana mwanamke mwingine. Ugomvi unaingia nyumbani, na kumbe vidonge bado viko juu ya kabati.

Zungumza naye mapema, kabla ya sherehe na kabla hajaonja. Mwambie kwa heshima, "Baba watoto, dawa hii ni yetu sote wawili. Tumalize kwanza, mnazi hautakwisha Pwani." Na wote wawili msikutane kimwili mpaka nyote mmemaliza dawa na dalili zimekwisha.

Mtoto anapokuwa kwenye dozi

Mtoto mwenye nimonia hupewa amoksilini, kwa kawaida asubuhi na jioni kwa siku 5. Mtoto hawezi kujikumbusha. Anategemea mtu mzima ambaye akili yake iko sawa. Mlezi aliyelewa anaweza kusahau dozi ya jioni, au kuitoa mara mbili, au kulala fofofo wakati mtoto anahangaika kupumua. Kama kuna matanga, weka zamu: mtu mmoja abaki bila kunywa na awe ndiye mwenye dawa. Ukiona kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapopumua, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, mkimbize hospitali usiku huo huo.

Usimpe mtoto mnazi, hata ule mtamu wa asubuhi. Tembo linaanza kuchacha tangu likiwa juu ya mti, na kwa joto letu la Pwani utamu wake hugeuka pombe ndani ya saa chache. Na usiongeze chang'aa katika dawa ya mtoto eti iue wadudu wa tumbo. Pombe ya kunywa haitibu maambukizi. Dawa nyingine za maji za kikohozi zina pombe ndani yake, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa.

Mama anayenyonyesha naye akumbuke kwamba pombe anayokunywa huingia kwenye maziwa. Mama mjamzito asinywe kabisa.

Kwa anayekunywa kila siku

Kuna mtu ambaye asubuhi asipopata mnazi mikono hutetemeka na jasho humtoka. Huyu usimfungie nyumbani na kumwambia aache leo hii. Akiacha ghafula anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa. Mpeleke kituo cha afya na useme wazi kiasi anachokunywa. Atasaidiwa kupunguza kwa usalama huku dozi yake ikiendelea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka dirishani

Unapopewa dawa, usiondoke kabla ya kuuliza haya:
1. Dawa hii inaitwaje, na ni ya ugonjwa gani?
2. Nimeze ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi?
3. Je, hii ni mojawapo ya zile zisizotaka pombe? Baada ya kumaliza ningoje siku ngapi?
4. Nikisahau dozi moja nifanyeje?

Kama husomi, mwombe akuchoree jua na mwezi kwenye bahasha. Si aibu.

Kabla sijaaga, nirudie kwa ufupi. Ukiwa mgonjwa, pumzisha pombe mpaka upone. Kwa Flagyl, ongeza siku 3. Kwa dawa za TB, jitahidi kuacha miezi yote 6, na useme ukweli kliniki. Na ikitokea mtu ameshakunywa, asikatize dozi kwa sababu hiyo. Ameze dawa yake saa ikifika, aache pombe, na atuone kama anajisikia vibaya. Kama ni dawa za TB na macho ni ya manjano, aje kwetu kwanza.

Leo jioni, kabla hamjalala, chungulia juu ya kabati. Kama kuna vidonge vya mtu vilivyobaki, muulize alivikatiza lini na kwa nini. Kisha mwende navyo kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Asivirudie mwenyewe kabla hajaonwa.