Ramones walivyorudia mdundo wao wa kale

Najua wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wakisikia jina la "punk" huziba masikio. Siwalaumu. Muziki huo ni wa makelele, wapigaji wake huvaa suruali zilizoraruka magotini, na maneno yao mengine si ya kuimbwa mbele ya wazee. Lakini leo naomba mnivumilie kidogo. Ndani ya makelele hayo mna kisa ambacho hata mpenzi wa taarab, aliyewahi kubishana juu ya udi na vinanda vya umeme, atakifahamu mara moja.

Bendi yenyewe ni Ramones, ya vijana wanne wa mtaa wa Forest Hills, New York. Walianza kupiga mwaka wa 1974. Hawakuwa ndugu, lakini wote walijipa ukoo mmoja wa Ramone: Joey mwimbaji, Johnny wa gitaa, Dee Dee wa gitaa la besi na Tommy wa ngoma. Santuri yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976. Ilikuwa na nyimbo 14, na zote pamoja hazikutimia nusu saa! Kuirekodi kuligharimu dola 6,400 hivi. Wimbo ulianza, ukaenda mbio, ukakatika kabla msikilizaji hajapata kukaa kitako.

Walisifiwa sana, lakini sifa haziliwi. Santuri hazikununuliwa kwa wingi. Tommy akaacha ngoma mwaka wa 1978, na wenzake wakaanza kutafuta mtu wa kuwafungulia mlango wa redio. Mwaka wa 1979 wakamwendea Bwana Phil Spector, mtayarishaji mwenye jina kubwa tangu miaka ya 1960. Huyu alikuwa mtu wa kurundika vyombo juu ya vyombo. Inasimuliwa kwamba alimfanya Johnny arudie sauti moja ya mwanzo wa wimbo kwa saa nyingi. Katika wimbo mmoja wa mapenzi fidla zilijaa tele, akaimba Joey peke yake na wapigaji wa kukodiwa. Wenziwe hawamo kabisa. Wimbo huo ulifika nambari 8 Uingereza, na santuri nambari 44 Marekani. Kwa hesabu za biashara hawakuwahi kupanda kuliko hapo. Kwa masikio yangu mimi, hao hawakuwa Ramones tena.

Santuri mbili zilizofuata, za 1981 na 1983, nazo zilikuwa za kubahatisha. Juu ya hayo Joey na Johnny walikuwa hawasemezani. Halafu Agosti 1983 Johnny akapigana barabarani usiku, akapigwa mateke ya kichwa hata fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa haraka. Ilikuwa karibu afe.

Alipopona, bendi ikamwita Tommy. Hawakumrudisha kwenye ngoma, maana sasa kulikuwa na kijana aitwaye Richie; walimtaka awe mtayarishaji, pamoja na Ed Stasium waliyefanya naye kazi zamani. Oktoba 1984 ikatoka "Too Tough to Die", yaani mgumu asiyekufa. Kila mtu alijua jina hilo linamhusu nani.

Hapo ndipo gitaa la Johnny lilipopata nafasi yake tena, kavu na zito, bila pazia. Dee Dee naye alishika kipaza sauti katika nyimbo mbili, akabweka kwa kasi ya zile bendi changa zilizokuwa zimeanza kuwapita. Nami hiki ndicho ninachokipenda: hawakuiga santuri ya 1976 kama mtu anayenakili barua. Walirudia uchache wa vyombo, lakini sauti ni ya watu wazima waliokwisha kuumizwa. Kuna wimbo mmoja, uliotayarishwa na Dave Stewart wa Eurythmics, wenye vinanda vya kuibembeleza redio. Si mbaya, ila umekaa kama mgeni asiyejua wenyeji wake.

Wahakiki walifurahi. Wanunuzi je? Nambari 171 Marekani. Ndiyo maana siharakishi kutaja msemo wetu wa mwacha asili. Asili haikuwalipia kodi ya nyumba. Mwaka wa 1986 wakatoa santuri nyingine, na vinanda vikarudi.

Walipiga mara ya mwisho Los Angeles, Agosti 1996. Joey alifariki mwaka wa 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004, na Tommy 2014.

Asiye na wakati na asikilize upande wa kwanza, wimbo wa tatu hadi wa tano. Wa katikati hauna maneno hata moja, nao haufiki dakika. Ila apunguze sauti kidogo, kwani jirani naye ana haki yake.