Ganda la risasi: kule akiba, huku hatari

Marekani, mulenga shabaha akimaliza kupiga, anainama kuokota maganda. Ni juu ya akiba. Risasi iko na sehemu ine: ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Ganda la shaba ndilo la bei kali, na linajazwa tena mara nyingi. Baruti na viwashio vinasafirishwa kama mizigo ya hatari, kwa malipo ya ziada kwa kila kifurushi, kidogo ao kikubwa. Basi marafiki wanachanga, wanaagiza pamoja.

Huku kwetu kuna watoto wenye kuokota maganda ili wauze kama vyuma chakavu. Kati yake risasi nzima inaweza kujificha, hata yenye kutu, na ikigongwa ao ikitiwa motoni inalipuka. Wazazi, mwambieni mtoto: akiiona asiiguse, aite mkubwa.