Herufi na Majina ya Miji Midogo ya Mbuga za Kanada

Msafiri aendaye magharibi kwa reli katika jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, hupita Fenwood, kisha Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher na Lestock. Mbele zaidi hukuta Punnichy, Quinton, Raymore, Semans na Tate. Tena Venn, Watrous, Xena, Young na Zelma. Baada ya Zelma huja Allan, Bradwell na Clavet, yaani alfabeti imeanza upya.

Aghalabu husemwa kwamba mahali hutangulia na jina hufuata: kwanza pana mto, kilima au ukoo, ndipo watu wakapaita. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya Grand Trunk Pacific, iliyoundwa mwaka 1903, ilihitaji stesheni kila baada ya mwendo mfupi, ili mkulima aweze kupeleka ngano ghalani kwa gari la farasi na kurudi kwake siku ile ile. Stesheni zikawa nyingi kuliko makazi. Herufi ilitengwa kwanza, jina likatafutwa, na mji, kama ulikuja, ulikuja mwisho.

Ni rahisi basi kuyapuuza majina haya kuwa ni kazi ya makarani, yasiyostahili kuchunguzwa na mwanaisimu. Kauli hiyo ina haraka. Alfabeti huamua sauti ya kwanza tu. Neno lenyewe hapana budi litoke mahali fulani, na hapo ndipo penye historia. Watrous ulipewa jina la Frank Watrous Morse, mmoja wa wakuu wa kampuni, na Lestock la mpimaji ardhi John Lestock Reid. Wote wawili wanakumbukwa kwa majina yao ya kati. Ukoo wa Morse usingeweza kukaa kati ya Venn na Xena, wala wa Reid baada ya Kelliher. Hata heshima ya mkubwa ilingoja zamu ya herufi.

Punnichy unastahili kutazamwa zaidi. Nchi inayouzunguka iliingia katika Mkataba wa Nne wa mwaka 1874, ambao kwa huo Wakrii, Waojibwe na jamaa zao walitengewa maeneo maalumu, na mbuga zilizobaki zikafunguliwa kwa walowezi. Husimuliwa kwamba jina hili latokana na neno la wenyeji la kinda la ndege ambalo bado halijaota manyoya sawasawa, na kwamba walimwita hivyo mfanyabiashara mmoja wa awali kwa sura yake. Ikiwa ndivyo, kampuni iliyohitaji P iliandika katika ramani yake, pengine bila kujali, mzaha wa wenyeji juu ya mgeni.

Kati ya Tate na Venn upo mji usiofuata zamu: Nokomis. Kwa Kiojibwe neno hilo ni "bibi yangu". Katika lugha hiyo majina ya jamaa hayasimami bila mwenyewe. N- ya mwanzo ndiyo "yangu". (Kufanana kwake na ni- ya Kiswahili ni sadfa tu, wala pasijengwe nadharia juu yake.) Hata hivyo halikutwaliwa vinywani mwa wenyeji wa pale, bali katika utenzi wa Hiawatha wa Mmarekani Longfellow, uliotolewa mwaka 1855, ambamo Nokomis ni bibi yake shujaa. Neno la wenyeji lilirudi mbugani kwa njia ya kitabu, na kiambishi cha umilikaji kikawa sehemu ya mzizi. Kwa anayejua Kiojibwe, kila autajaye mji huo anamtaja bibi yake mwenyewe.

Kampuni ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 1919 na reli ikachukuliwa na serikali. Maghala mengi ya mbao yamebomolewa, na baadhi ya stesheni hazikupata mji kamwe. Herufi zingali zimefuatana kwenye ramani.