Choo kigumu? Rudi kwenye dona na maharage!

Leo naomba usizibe pua wala usigeuze ukurasa, maana mada yenyewe wengi wanaionea haya: kufunga choo. Vijana wa mjini tunahadithiana kila kitu kijiweni, kuanzia mapenzi mpaka madeni, lakini muulize mtu mara ya mwisho alikwenda haja kubwa lini, atakuona huna adabu.

Mimi yalinikuta. Nilipanga chumba uswahilini, nyumba ina wapangaji tisa, choo kimoja. Asubuhi ni foleni, kila mtu na kopo lake, na ukiingia tu nyuma yako mtu anakohoa utoke haraka. Nikawa najikaza, najiambia nitakwenda baadaye. Hiyo baadaye inanikuta kwenye daladala! Mchana nakula chipsi mayai na soda, usiku chipsi tena na mishikaki miwili. Siku nne zinapita kimya. Siku ya tano, baada ya kujikamua mpaka jasho, nikaona damu.

Jamani, siyo siri, niliogopa. Nilikaa wiki nzima nazuga mbele za watu kumbe usiku silali, nawaza nimepata ugonjwa mbaya.

Nilipojikokota mpaka zahanati nilimkuta muuguzi mtu mzima. Nikamwamkia, nikaanza kuzungukazunguka, mara kichwa, mara tumbo. Akacheka: "Mwanangu, sema tu. Umefunga choo?" Nikaitika kwa kichwa. Daktari akanipima, akaniambia choo kigumu kimenichana kidogo njia ya haja. Kisha akaniuliza ninakula nini. Nilipomtajia, akaguna.

Kwa nini kinakuwa kigumu?

Kwanza ujue kwamba kwenda mara tatu kwa siku ni kawaida, na mara tatu kwa wiki pia ni kawaida, mradi huumii. Ukiwa chini ya hapo, tena kwa kujikamua, hapo kuna kasoro.

Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kunyonya maji. Mabaki ya chakula yakikaa humo siku nyingi yanakauka kama kokoto. Kinachosaidia ni nyuzinyuzi, ambazo wataalamu huziita makapimlo. Hizi tumbo haliwezi kuzisaga zikaisha. Nyingine zinashika maji, nyingine zinaongeza wingi, basi choo kinakuwa laini na utumbo unakisukuma bila taabu.

Na hili lilionekana hapa hapa Afrika Mashariki! Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko miaka mingi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha utafiti wao: kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa kama siku moja na nusu, wakati kwa wanamaji wa Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Wanakijiji wale walikula vyakula visivyokobolewa. Sasa sisi wajukuu ndio tunakimbilia vya kukobolewa na kuona dona ni chakula cha shamba!

Ule nini basi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Usiogope, siyo gharama. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Kunde, choroko na mbaazi nazo ni hivyo hivyo. Badili sembe kwa dona, maana sembe pumba zake zimebaki mashineni. Uji wa ulezi au mtama asubuhi ni bomba. Kwa mama ntilie omba akuongezee mchicha, matembele au bamia. Matunda ni papai, pera, embe, parachichi. Chungwa lile lenyewe, usiishie kufyonza maji na kutupa nyama yake.

Ila usianze kwa fujo. Ukijaza maharage siku moja tumbo litajaa gesi na washikaji watakukimbia. Ongeza kidogo kidogo, na maji unywe ya kutosha, kwani nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukuzibia zaidi. Tembea pia. Ukisikia haja, nenda, usiibane.

Dada zangu na kaka zangu mnaokunywa haluli kila mwisho wa wiki ili "kusafisha tumbo", acheni. Inawapotezea maji na chumvi za mwilini.

Na ukiona damu, unakonda bila sababu, hali haibadiliki kwa wiki kadhaa, au tumbo limevimba huku unatapika, hapo papai halitoshi. Wahi hospitali. Mimi nilibahatika kukuta ni mchaniko tu, lakini ile wiki ya kuficha ingeweza kunigharimu.

Siku hizi naamka saa kumi na moja kamili alfajiri, nawahi chooni kabla ya foleni. Nikitoka, wenzangu ndio wanatafuta makopo yao. Na mama ntilie wangu keshanizoea, akiniona tu anapakua dona na maharage, mchicha pembeni.