Kinga na Breki Zake: Utangulizi kwa Mwanafunzi wa Katoto

Somo ninalokufungulia linaitwa imunolojia, yaani sayansi inayochunguza jinsi mwili unavyojikinga na magonjwa. Huenda umekwisha kuambiwa kwamba ni somo la watu wa Ulaya na Marekani, wenye mashine za bei kubwa, na kwamba mtu wa Katoto, hapo Kamina, hana cha kulitafuta. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini maswali mawili makubwa ya somo hili yamefungamana na malaria: kwa nini kinga humgeukia mwenyewe, na kwa nini seli za kinga zenyewe hugeuka kansa. Malaria wewe umeishi nayo tangu utotoni. Tena, kimojawapo cha vimelea vilivyowafundisha wanasayansi mambo ya kinga kilitoka katika ardhi ya Katanga. Nitakufikisha huko, ila kwanza tuweke msingi.

Anza na tone la damu. Mtu wa maabara hulitandaza juu ya kioo, hulipaka rangi iitwayo Giemsa, kisha huinamia darubini. Seli nyekundu zimejaa kila mahali, na kama mgonjwa ana malaria, ndani ya baadhi yake huonekana vipete vidogo: hivyo ndivyo vimelea. Usiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Sogeza kioo taratibu mpaka ukutane na seli yenye kiini kikubwa cha zambarau kilichoijaza karibu yote, kikiacha ukingo mwembamba tu wa samawati. Hiyo ni limfositi, seli nyeupe ambayo imunolojia yote inaizunguka.

Limfositi ni za namna nyingi, lakini mbili zinatosha kuanzia. Seli B hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zinazonasa kitu kigeni na kukitia alama ili kiangamizwe. Seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Baadhi ya seli T huua seli zilizoingiliwa na virusi, na nyingine huamuru au huzuia kazi ya wenzake.

Hapa wanafunzi wengi hukwama, na wana haki. Seli B inawezaje kukitambua kimelea ambacho mwili haujawahi kukutana nacho? Jibu ni kwamba haikijui. Kila limfositi, kabla haijakutana na adui yeyote, hukata vipande vya jeni zake na kuviunga upya kwa kubahatisha, hivyo hupata kipokezi chake yenyewe. Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli, ambayo hushikana na kitu kimoja maalumu. Susumu Tonegawa alilithibitisha jambo hili kwa seli B mwaka 1976, na mwaka 1987 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwili una mamilioni ya vipokezi tofauti, na adui akiingia, limfositi iliyobahatika kumnasa huzaana kwa wingi. Ndiyo maana mtoki wako huvimba ukiwa na kidonda mguuni: ndani ya tezi hiyo limfositi zinaongezeka.

Tafadhali isome aya hiyo tena kabla ya kuendelea, kwa sababu kila kinachofuata kimejengwa juu yake. Kama vipokezi hupatikana kwa kubahatisha, basi lazima vingine vitanasa mwili wenyewe. Kinga inayoweza kutambua kila kitu ni kinga inayoweza kumdhuru mwenye nayo. Kwa hiyo nusu ya kazi yake ni kujizuia.

Vizuizi hivyo watafiti huviita breki, nami sijapata neno linalofaa zaidi. Breki ya kwanza iko katika thaimasi, ambako seli T zinazoushika mwili kwa nguvu huuawa kabla hazijatoka. Ya pili ni seli T rekebishi, ambazo huzunguka mwilini zikiwatuliza wenzake. Kazi ya kuzitambua ndiyo iliyowapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Ya tatu ni vipokezi vya kuzuia vilivyo juu ya seli zenyewe. Breki zikilegea, huja magonjwa ya kinga kujishambulia: lupasi, ambayo huweza kugusa ngozi, viungo na figo, kisukari cha aina ya kwanza, na baridi yabisi, ile inayopinda vidole. Breki zikikazwa mno, kansa hukua bila kuguswa. James Allison na Tasuku Honjo walionyesha kwamba breki hizo zikifunguliwa kwa dawa, seli T huweza kuishambulia kansa, nao wakapata Nobel mwaka 2018. Wagonjwa wanaopewa dawa hizo wakati mwingine hupata maradhi ya kujishambulia, jambo ambalo wewe sasa unaweza kulieleza bila kusaidiwa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1948, karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Ignace Vincke na Marcel Lips walikuta kimelea cha malaria katika damu ya panya wa vichakani. Kikaitwa Plasmodium berghei. Mtu hapati malaria hiyo, lakini panya weupe wa maabara huipata, na kwa sababu hiyo kimelea hicho kilisambaa katika maabara za dunia nzima. Kwa mara ya kwanza malaria ya mamalia iliweza kuchunguzwa ndani ya mnyama mdogo, wa gharama ndogo, anayezaana upesi. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake walikitumia kuonyesha kwamba panya waliopewa vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi hupata kinga. Njia iliyofika kwenye chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilianzia hapo. Huwa nasikitika nikiona vitabu vinalitaja jina la kimelea na kuisahau ardhi ya Katanga kilikotoka.

Miaka hiyohiyo daktari Brian Greenwood alikuwa Ibadan, Nijeria. Mwaka 1968 aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa haba mno hospitalini kwake, akajiuliza kama maambukizi ya vimelea ya mara kwa mara ndiyo sababu. Swali zuri hupimwa. Yeye na wenzake walichukua panya wa ukoo unaopata ugonjwa unaofanana na lupasi, wakawaambukiza malaria ya panya, na mwaka 1970 wakatangaza kwamba ugonjwa ulizuilika. Usikimbilie kusema malaria ni dawa, maana inaua watoto wetu. Wala usidhani lupasi haiko kwetu. Mgonjwa mwenye homa isiyoisha, maumivu ya viungo na vipele usoni, ambaye vipimo vya malaria vinarudi bila kitu, anastahili kupelekwa kwa daktari mwenye vipimo vingine, si kuongezewa kwinini.

Jeni nazo zinasimulia habari hiyohiyo. Kuna kipokezi cha kuzuia kilicho juu ya seli B, na baadhi ya watu huzaliwa na aina yake iliyo dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa Afrika Mashariki waliorithi aina hiyo kwa baba na kwa mama walikingwa zaidi dhidi ya malaria kali. Lakini aina hiyohiyo huongeza hatari ya lupasi. Breki dhaifu huiacha kinga ipige kwa nguvu: humwokoa mtoto, kisha huweza kumdhuru akiwa mtu mzima.

Upande wa pili ni kansa, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1958, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ya gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Uvimbe ulipatikana kwenye joto na mvua, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu sawasawa na malaria. Vipande vyake vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakuta ndani ya seli zake virusi ambavyo leo tunaviita Epstein-Barr.

Limfoma ya Burkitt ni kansa ya seli B. Seli B ikiboresha kingamwili zake hujikata jeni kwa makusudi, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho AID. Malaria isiyokoma huifanya kazi hiyo iendelee kupita kiasi, na siku moja kipande chenye jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kugawanyika, huungwa mahali pa jeni ya kingamwili ambayo haizimwi. Virusi navyo huisaidia seli iliyoharibika isife. Seli T zingepaswa kuviwinda, lakini watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu, nchini Kenya, kwenye malaria nyingi, na wa Nandi, kwenye malaria haba, walikuta seli T za watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9 zikiwa dhaifu mbele ya virusi hivyo.

Uvimbe huo hukua kwa kasi kuliko karibu kansa nyingine zote za binadamu, lakini huitikia dawa vizuri: tangu miaka ya 1960 wako watoto waliopona kwa dawa moja tu, siklofosfamidi. Kwa hiyo mtoto anayevimba taya huku meno yakilegea asiishie kwa mng'oa meno.

Bado kuna jambo ambalo hakuna maabara iliyolieleza kikamilifu. Karibu kila mtoto anayekulia kwenye malaria nyingi hupata pia virusi vya Epstein-Barr, lakini wanaopata limfoma ni wachache mno. Lishike swali hilo tunapoingia sura ya kwanza, inayoanzia kwenye uboho, limfositi zinakozaliwa.